Nimekunja plastiki, fuwele imekataa kunyumbuka

*Swali: Nasoma shahada ya uzamili ya fizikia. Nimebandua molibdeni disalfaidi kwa selotepu mpaka nikapata tabaka moja, nikaliweka juu ya karatasi angavu ya plastiki ya PET yenye unene wa milimita 0.25, kisha nikaikunja juu ya bomba lenye nusu kipenyo cha milimita 10. Nilichosoma kinasema mng'ao wa fuwele chini ya leza ungeshuka nishati kwa milielektronivolti (meV) 50 au zaidi. Wangu umeshuka kwa 15 tu, na nilipoinyoosha plastiki haukurudi pale ulipoanzia. Kwa kipande kingine nilipima volti ya uso kwa sindano ya Kelvin: asubuhi ilipanda kwa milivolti 40, jioni ikashuka kwa 60, na mkunjo ni uleule. Mwenzangu wa maabara anasema mkazo unabadilisha fuwele kwa ndani tu, uso hauguswi, na ninachopima ni uchafu. Je, ni kweli? Niongeze mkunjo, au niachane na mada hii? Nimebakiwa na miezi 5.*

Ndugu yangu, usiache mada, na tafadhali usiongeze mkunjo. Uso unaguswa, tena katika fuwele yako unaguswa kuliko kitu kingine chochote. Hapo mwenzako amekosea. Lakini kuhusu uchafu ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo iliyokuvuruga. Hiyo meV 15 uliyoiona kama aibu ndiyo namba ya thamani kuliko zote ulizoniletea. Inakuambia ni kiasi gani cha kunyumbuka kwa plastiki kimeifikia fuwele.

Kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo maabara nyingi huyachanganya. Mkazo ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo, na hupimwa kwa paskali. Mnyumbuko ni kiasi ambacho umbo limebadilika ukilinganisha na lilivyokuwa, na hupimwa kwa asilimia. Elektroni hazijui umetumia nguvu kiasi gani. Zinachojua ni umbali kati ya atomu na atomu, kwa hiyo neno letu hapa ni mnyumbuko.

Ukikunja karatasi ya plastiki, upande wa nje hurefuka, wa ndani hufupika, na katikati hubaki ulivyo. Mnyumbuko wa upande wa nje ni unene ukigawanywa kwa nusu kipenyo mara mbili. Kwako ni 0.25 kugawanya kwa 20, yaani asilimia 1.25. Kama fuwele ingefuata plastiki kwa uaminifu, umbali kati ya atomu jirani za molibdeni ungetoka nanomita 0.316 kufika karibu 0.320. Waliopima mwaka 2013 kwa kunyumbua kuelekea upande mmoja walipata kushuka kwa meV 45 hadi 70 kwa kila asilimia 1. Kwa asilimia 1.25 ungepata kama 56 hadi 88. Wewe umepata 15. Tukigeuza hesabu, fuwele yako imenyumbuka kati ya asilimia 0.2 na 0.35 tu, au pungufu zaidi kama sehemu ya hiyo 15 imetokana na jambo jingine, nami nina shaka kubwa kwamba ndivyo ilivyo.

Sasa hoja ya ndani na uso. Chukua kipande cha ulanga, yale mawe yanayometameta na kubanduka kama kurasa. Molibdeni disalfaidi hubanduka vivyo hivyo, na grafiti kama ile ya Mahenge pia. Ndani ya kila ukurasa atomu zimeshikana kwa nguvu, ila ukurasa na ukurasa hugusana tu. Ukurasa mmoja wa fuwele yako una safu tatu za atomu: salfa juu, molibdeni katikati, salfa chini, na unene wake ni kama nanomita 0.65. Hebu niambie, ndani iko wapi? Kila elektroni iliyomo iko usoni. Mwenzako huenda anawaza fuwele nene ya nanomita 50, yenye kurasa zaidi ya 70. Huko mambo hugeuka kinyume cha anavyosema: ukurasa wa chini unaogusa plastiki huvutwa, halafu kurasa zinateleza moja juu ya nyingine, na uso wa juu kabisa unaweza kuambulia kidogo sana. Ndiyo maana tabaka moja ni chaguo zuri kwa kazi yako.

Nini hasa hutokea atomu zikitengana? Elektroni katika fuwele hukaa katika ngazi za nishati zilizoungana kuwa bendi, na bendi hizo zinatokana na mawingu ya elektroni za atomu jirani yanayoingiliana. Ukizisogeza atomu mbali, mwingiliano unapungua na ngazi zote zinahama. Sehemu ya chini ya bendi ya upitishaji, ile ya juu ambamo elektroni hutembea huru, katika tabaka moja imejengwa zaidi na mawingu ya molibdeni, na ukinyumbua inashuka. Kilele cha bendi ya valensi, ile ya chini iliyojaa elektroni, nacho huhama, ila si kwa kiasi kilekile. Basi pengo kati yao, ambalo kwa mwanga ni kama elektronivolti (eV) 1.85 fuwele ikiwa imetulia, hupungua. Ukiendelea kuvuta kupita asilimia 1 au 2, sehemu nyingine ya bendi ya valensi hupanda na kuipita ile ya kwanza, pengo linaacha kuwa la moja kwa moja, na mng'ao unafifia. Ukiona kilele cha mng'ao kinashuka huku mwanga ukipungua, usidhani umeiharibu sampuli.

Kwa upande wa uso kuna jambo la ziada. Ukingo wa bendi ya upitishaji ukishuka ukilinganisha na ombwe la nje, elektroni inahitaji nishati zaidi kuchomoka. Hicho ndicho ambacho sindano ya Kelvin inajaribu kukisia. Kwa hiyo wazo lako la kupima mwanga na volti pamoja ni sahihi kabisa kifizikia. Si wazo geni pia: Bardeen na Shockley waliandika juu ya kuhama kwa bendi kutokana na mnyumbuko mwaka 1950, Smith akapima ukinzani wa germani na silikoni ukibadilika kwa kuvutwa mwaka 1954, na tangu miaka ya 2000 chipu za kompyuta zimeuzwa zikiwa na silikoni iliyonyumbuliwa makusudi ili elektroni zikimbie kwa wepesi zaidi. Tofauti ni kwamba silikoni ya kawaida huvunjika mapema, wakati tabaka moja la molibdeni disalfaidi limepimwa likavumilia asilimia 6 hadi 11 kabla ya kupasuka. Mwaka 2016 watafiti wa Boston University walilipuliza tabaka hilo kama puto dogo, wakafika zaidi ya asilimia 5 kuelekea pande zote, na mng'ao ukashuka kwa karibu eV 0.5. Fuwele yako haijachoka hata kidogo. Kinachokwamisha ni mshiko.

Mshiko kati ya tabaka na plastiki ni dhaifu, wa kugusana tu. Ukianza kukunja, tabaka linafuata, linafuata, halafu msuguano unashindwa na linateleza. Pembeni huteleza kwanza, katikati hushikilia kidogo, kwa hiyo hata ndani ya kipande kimoja cha mikromita 10 mnyumbuko haulingani. Na hapa naomba urudi kwenye daftari lako, maana umesema mng'ao haukurudi ulipoanzia bila kuniambia umebaki juu au chini.

Fikiria hivi. Plastiki imerefuka kwa 1.25, fuwele ikafuata hadi 0.3 kisha ikateleza. Sasa unanyoosha. Plastiki inajikunyata kwa 1.25 yote, lakini fuwele ilikuwa na 0.3 tu ya kurudisha. Ikiisha hiyo, plastiki inaendelea kuisukuma fuwele kutoka pande zote mbili, na fuwele inabanwa. Fuwele iliyobanwa hung'aa kwa nishati ya juu kuliko mwanzo. Kwa hiyo kama ulitelezewa, kilele chako kilipaswa kubaki juu ya pale kilipoanzia. Kama kimebaki chini, basi huenda plastiki yenyewe haikunyooka yote baada ya kukunjwa kwa saa nyingi, au fuwele iliyobanwa imeamua kupanda na kufanya makunyanzi. Kunyanzi hung'aa kwa nishati ya chini kwa sababu mgongo wake umevutwa. Tena jozi za elektroni na tundu (nafasi inayoachwa wazi elektroni ikiruka) zinazozaliwa karibu nalo hutiririkia huko kama maji ya mvua yanavyotafuta bonde, hivyo kunyanzi moja jembamba linaweza kutawala spektra nzima, yaani grafu ya mwanga kwa nishati zake. Makunyanzi yanaonekana kwa hadubini ya nguvu za atomu, na makubwa hata kwa hadubini ya kawaida kama vijistari vyepesi. Yatafute kabla hujafanya kitu kingine.

Uwezekano wa tatu ni joto, na huu ndio ninaoushuku zaidi. PET hupitisha joto vibaya mno. Silikoni hulipitisha mara mamia kadhaa zaidi. Leza ile ambayo juu ya kipande cha silikoni haidhuru chochote, juu ya plastiki inaipikia fuwele pale pale. Karibu na joto la chumba, nyuzi 30 zaidi hushusha kilele kwa takriban meV 10. Ona ilivyo karibu na 15 yako! Mimi mwenyewe nilipoteza wiki kadhaa za mwanzo za utafiti wangu nikichora mstari mzuri wa mnyumbuko ambao kumbe ulikuwa mstari wa leza: kila nilipokunja zaidi mwanga ulififia, nami nikaongeza nguvu ya leza ili nione vizuri. Kipimo chake ni rahisi. Acha plastiki ikiwa bapa, punguza leza nusu, kisha robo, kisha sehemu ya nane. Kilele kikipanda kadiri unavyopunguza, unapima joto. Shuka mpaka kisisogee tena, na nguvu hiyo ndiyo utakayotumia mpaka mwisho, hata kama itabidi usubiri dakika nzima kwa kila spektra.

Wa nne ni chaji za ziada. Elektroni ya ziada ikijibandika kwenye jozi ya elektroni na tundu, huzaliwa trioni, na mwanga wake uko chini kwa meV 20 hadi 40. Unyevu, oksijeni na chaji zilizonaswa kwenye plastiki hubadilisha wingi wa elektroni hizo. Kilele kipana chenye bega upande wa nishati ya chini mara nyingi ni eksitoni (jozi isiyo na elektroni ya ziada) na trioni pamoja, na kikilinganishwa kama kilele kimoja kitaonekana kimehama ingawa hakuna kilichonyumbuka.

Utatofautishaje? Iulize fuwele yenyewe, kwa spektra ya Raman, yaani mwanga wa leza unaorudi ukiwa umebadilishwa na mitikisiko ya atomu. Tabaka moja lina vilele viwili vikuu, kimoja karibu na 385 kwa sentimita na kingine karibu na 404. Cha kwanza ni atomu zinazotikisika ubavuni, kwenye bapa la ukurasa. Cha pili ni salfa za juu na chini zikipumua kwenda nje na ndani. Hapa wengi hudanganywa na ngoma: ngozi ikikazwa sauti hupanda, kwa hiyo hutarajia kwamba vilele navyo vitapanda. Kwa atomu ni kinyume. Kifungo kilichorefushwa hulegea, na mtikisiko hushuka. Kilele cha kwanza hugawanyika mara mbili ukivuta upande mmoja, sehemu moja ikishuka kwa kama 4.5 kwa kila asilimia 1 na nyingine kwa kama 1, wakati cha pili husogea kidogo sana. Elektroni za ziada hufanya kinyume: hukishusha na kukipanua cha pili, cha kwanza hakijali. Chora kila kipimo kama nukta, kilele cha kwanza mlalo na cha pili wima. Nukta zikitembea mlalo, umenyumbua. Zikitembea wima, umebadilisha chaji. Kwa mnyumbuko wa asilimia 0.3 unatafuta kuhama kwa 1 na kitu tu, kwa hiyo tumia kipasuzi cha mwanga chenye mistari iliyosongamana kuliko vyote kwenye spektromita yako, na pima kipande cha silikoni kabla na baada ya kila kikao. Mstari wake ukae karibu na 520.5.

Njoo sasa kwenye volti ya uso. Ishara iliyogeuka kutoka kupanda 40 hadi kushuka 60, na mkunjo haujaguswa, haiwezi kuwa mnyumbuko. Hapa mwenzako ana haki yake. Swali langu la kwanza ni hili: fuwele yako imeunganishwa na ethi? Sindano ya Kelvin hupima tofauti ya volti kati yake na sampuli, na sampuli isiyo na waya juu ya plastiki inaelea. Volti yake huamuliwa na chaji yoyote iliyo karibu. Na plastiki ikikunjwa, ikisuguliwa, hata ikibanduliwa kwenye karatasi yake ya kinga, hupata umemetuli kama kitana kilichopita kwenye nywele kavu. Asubuhi na jioni unyevu ni tofauti, hasa kama uko pwani, na chaji huvuja kwa kasi tofauti, huku utando wa maji ukija na kuondoka juu ya salfa. Kuna na jambo halali linaloweza kujichanganya humo: tabaka moja huzalisha umeme likivutwa, kwa sababu halina ulinganifu wa kati, na matabaka mawili hayafanyi hivyo. Lakini katika hali ya kuelea huwezi kulitambua. Weka kipande cha dhahabu kikiigusa fuwele, kiunganishe na ethi, na kwa kila picha chukua na volti ya dhahabu hiyohiyo. Unachoandika ni tofauti ya fuwele na dhahabu, kamwe si namba tupu. Hakikisha pia unajua mashine yako inaweka volti kwenye sindano au kwenye sampuli, maana hilo peke yake linageuza alama ya jumlisha kuwa ya kutoa.

Kwa miezi 5 ningefanya hivi. Ningeweka kando volti ya uso kwa miezi 2 ya kwanza. Ningechukua fuwele mpya, nikaishikiza kwenye plastiki: ama kwa vipande vyembamba vya metali vilivyopulizwa kwenye ombwe juu ya ncha zake, ama kwa kuimwagia tandiko jembamba la polivinili alkoholi likaukie juu yake. Metali ni safi na inakupa na mguso wa umeme papo hapo, ila inahitaji mashine ya ombwe na mkono uliozoea. Polima unaweza kuiandaa mezani kwa maji ya moto na imethibitika kuhamisha mnyumbuko vizuri sana, lakini inafunika uso, hivyo sindano ya Kelvin haitaona fuwele tena, na yenyewe inaleta chaji. Kama moyo wako uko kwenye mng'ao, chukua polima. Kama tasnifu imeahidi volti ya uso, huna budi kutafuta metali. Mpira laini wa silikoni (si ile silikoni ya chipu) ambao wengi huupenda kwa sababu unavutika, mimi singeutumia hapa: ni laini kupita kiasi, na fuwele ngumu hivi huukatalia.

Kunja kidogo kidogo, asilimia 0.2 kwa hatua, na baada ya kila hatua mbili nyoosha kabisa upime tena. Kilele kikirudi pale pale, endelea. Siku kikikataa kurudi, hapo ndipo mshiko umeisha, na data ya baada ya hapo usiichanganye na ya kabla. Usisahau pia kwamba plastiki ikirefuka upande mmoja husinyaa upande mwingine, kwa hiyo hata fuwele iliyoshikizwa vizuri haivutwi upande mmoja tupu; andika aina ya plastiki kwenye tasnifu ili wengine waweze kulinganisha.

Usipopata mashine ya metali, hesabu za kompyuta zinaweza kubeba sura nzima ya tasnifu. Programu ya Quantum ESPRESSO ni huru, na tabaka moja lina atomu 3 tu kwa kila kisanduku, hivyo kompyuta ya kawaida inatosha. Linganisha bendi zote na ombwe, usizilinganishe na sifuri ambayo programu imejichagulia, vinginevyo huwezi kusema lolote kuhusu uso. Na pengo la kama eV 1.7 utakalolipata kwa njia ya kawaida lisikufurahishe: linakaribia la mwanga kwa sababu makosa mawili yanafutana. Amini mteremko, yaani kiasi cha kuhama kwa kila asilimia, kuliko namba yenyewe.

Mambo mawili usiyafanye peke yako. La kwanza ni kupima nishati ya kuchomoa elektroni kwa uhakika, ambako kunahitaji ombwe na uso uliopashwa moto ukakauka. Hilo omba maabara yenye vifaa ikupokee kwa wiki moja au mbili. La pili ni hesabu, kama hakuna mtu chuoni kwako aliyewahi kuzifanya. ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, na taasisi mshirika wake ya utafiti ya Afrika Mashariki, EAIFR, iliyoko Kigali, zina watu wa fani hii hasa, na shule ya ASESMA ya hesabu za elektroni, iliyoanza mwaka 2010 na kufanyika Eldoret mwaka 2012, iliundwa kwa ajili ya wanafunzi wa Afrika kama wewe. Waandikie ukiwa na grafu moja iliyo safi na swali moja.

Kesho asubuhi, kabla hujakunja chochote, weka sampuli ile ya kwanza bapa chini ya hadubini. Tafuta makunyanzi, kisha punguza leza nusu, robo, na sehemu ya nane, na uandike kilele kiko wapi kila mara.